Kuhama Redmine kwenda GitLab: usiache tiketi zilizofungwa

Mkuu, umeuliza kama inatosha kubeba tiketi zilizo wazi tu mnapohama Redmine kwenda GitLab (zote mbili ni mifumo ya kutunza tiketi, yaani kumbukumbu za matatizo na kazi za programu), maana bosi wenu anaona zilizofungwa ni takataka. Nimeshapitia uhamisho kama huo kwenye timu ya programu za maduka hapa Dar, na nakwambia bila kumung'unya maneno: mkilazimika kuacha nusu, acheni zilizo wazi. Hizo zikiwa na uzito, mteja atapiga simu tena. Jibu limo kwenye iliyofungwa: nani aliona nini, kipi kilijaribiwa kikakataa, na kwa nini ule mstari wa ajabu kwenye msimbo haufai kuguswa.

Halafu angalia watu wanavyotafuta kweli. Wengi hawaanzii kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu anafungua msimbo, anaona kitu hakieleweki, anaendesha git blame (amri inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari na lini), anakuta komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa, ya miaka ile imeandikwa "rekebisho la #1432". Anaifuata hiyo namba. Sasa GitLab ikiiona #1432 inaigeuza yenyewe kuwa kiungo cha tiketi yake namba 1432, hata kama hiyo inahusu rangi ya kitufe. Kiungo kinafunguka vizuri, hakuna anayeshtuka, na kijana mgeni anaondoka na maelezo ya tatizo jingine kabisa. Bora kingekuwa kimekufa.

Kwa bahati nzuri, kupitia API ya GitLab (njia ya programu kuzungumza na mfumo moja kwa moja) mmiliki wa mradi au admini anaweza kuipa tiketi namba anayotaka (iid) pamoja na tarehe ya kufunguliwa (created_at). Fanyeni hivyo kabla mtu yeyote hajafungua tiketi mpya. Redmine huhesabu namba kwa miradi yote pamoja, kwa hiyo mtaona mapengo. Yaacheni kama yalivyo. Waliokushauri GitHub, huduma nyingine ya kuhifadhi msimbo, wajue kwamba huko tiketi na maombi ya kuunganisha msimbo hutumia mfululizo mmoja wa namba. Ndiyo maana watengenezaji wa lugha ya Python walipohamishia tiketi zao huko Aprili 2022, namba zilibadilika. Ila waliweka namba ya zamani ndani ya kila tiketi, tovuti ya zamani wakaiacha isomeke, na tangu 2017 walikuwa wakiandika "bpo-" (kifupi cha tovuti hiyo ya zamani, bugs.python.org) mbele ya namba kwenye komiti, hivyo haichanganywi na ya sasa. Nanyi andikeni "RM-1432" kwenye maelezo ya kila tiketi, hata kama namba hazibadiliki.

Kwenye kuvuta data, achana na CSV (faili la orodha ya tiketi): majadiliano hayamo, yamekaa kwenye jedwali la journals ndani ya hifadhidata ya Redmine. Tumia API ya Redmine, include=journals,attachments kwa kila tiketi. Unapoorodhesha weka status_id=*, la sivyo Redmine itakupa zilizo wazi peke yake, kisha utashangaa mbona kazi imeisha mapema. Kila ombi lina kikomo cha tiketi 100.

Kisanduku cha kuchuja orodha ya tiketi GitLab hupekua kichwa na maelezo, si maoni yaliyo chini. Sisi tuliandika skripti fupi ya Python iliyokuwa inachukua maoni ya mwisho ya kila tiketi iliyofungwa, pamoja na mistari inayofanana na ujumbe wa hitilafu, na kuipachika kwenye maelezo. Haikuwa safi sana, ila ilisaidia: mteja ameandika "mashine imegoma", fundi akabandika "deadlock detected" kwenye maoni ya nane huko chini, na anayetafuta leo ana huo ujumbe tu mkononi.

Redmine yenyewe usiizime. Funga mradi, utabaki wa kusoma tu. Na kabla hamjageuza kurasa zake kuwa HTML za kuhifadhi, pitieni viambatanisho, maana picha za skrini za wateja huwa zina namba za simu, na wakati mwingine nywila kabisa.