Mnauliza Zimamoto Wananilipa Kiasi Gani

Ndugu zangu wa Tanga, tangu mlipoiona picha yangu nikiwa nimevaa kofia ngumu na koti zito la zimamoto, maswali yenu yamekuwa matatu: wananilipa kiasi gani, kwa nini nimenyoa ndevu, na kama binamu yetu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kupata viza ya Ujerumani kwa njia hiyo hiyo. Nitajibu bila kupamba, kwa sababu sisi tulioko nje tuna tabia ya kuwatumia picha na kubaki na maelezo yake mfukoni.

Mshahara hakuna. Riziki yangu naipata kiwandani ninakochonga vyuma. Zimamoto naenda kwa kujitolea, kama wanavyokwenda mwoka mikate, fundi umeme na mwalimu wa shule ya msingi wa mji wetu. Kwa saa tunazokuwa kwenye tukio, manispaa hutoa posho ndogo ambayo haiwezi kumsogeza mtu popote, na tukio likiangukia saa za kazi, sheria inamtaka mwajiri aniruhusu niondoke bila kunikata, kisha yeye adai fidia kwa manispaa. Mazoezi ya jioni, kuosha mipira ya maji na kuitundika ikauke, kukagua pampu na ngazi Jumamosi ambayo wenzangu wako sokoni na watoto wao, yote hayo ni jasho la bure, na mke wangu ana maoni yake kuhusu jambo hilo ambayo sitayaandika hapa.

Najua mnachokiwaza: Wazungu wamepata mtu wa kumtumikisha. Lakini fahamuni kwanza utaratibu wa huku. Katika jimbo la Baden-Württemberg ninakoishi, kila manispaa inalazimika kisheria kuwa na kikosi cha zimamoto kwa gharama zake, ila ni miji yenye wakazi zaidi ya 100,000 pekee inayolazimika kuwa na wazimamoto wa kuajiriwa. Mji wetu haufikii hata robo ya idadi hiyo. Kwa hiyo mtu akipiga 112 usiku wa manane, hakuna askari waliolala na buti zao kituoni wakimsubiri. Kinacholia ni kifaa kidogo kilicho kando ya kitanda changu na vitanda vya majirani zangu, nasi tunakurupuka, tunakimbilia gereji la zimamoto, na gari la kwanza linatarajiwa kuwa limefika kwenye tukio ndani ya dakika 10. Huko nyumbani mmezoea kwamba zimamoto ni jeshi la serikali lenye namba yake ya 114. Ujerumani, watu wapatao milioni moja wamo katika vikosi vya kujitolea, na sehemu kubwa ya nchi, ukiondoa miji mikubwa, haina kikosi kingine cha kuiokoa.

Utaratibu huu ulianza karibu kabisa na ninapoishi. Vikosi viwili hugombea heshima ya ukongwe: cha Meissen, upande wa mashariki, kilichoundwa mwaka 1841, na cha Durlach, uliokuwa mji mdogo wakati huo na leo ni sehemu ya jiji la Karlsruhe, kilichoundwa mwaka 1846. Huku Baden ukiitaja Meissen kwanza utanuniwa, kwa hiyo nitasimulia ya Durlach. Christian Hengst, msimamizi wa majengo ya mji huo, aliona kwamba pampu mpya ya mkono iliyoundwa na Carl Metz wa Heidelberg haina faida ikiangukia mikononi mwa umati usiojua nani asukume na nani ashike mpira. Akawakusanya wanaume walioridhia kwa hiari yao, akawagawa katika makundi yenye kazi maalumu, akawafanyisha mazoezi mpaka kila mmoja akajua mahali pake. Tarehe 28 Februari 1847, ukumbi wa maigizo wa mtawala mjini Karlsruhe ulishika moto uliotokana na taa ya gesi, na watu zaidi ya 60 wakafa humo. Kikosi cha Durlach kilifika na pampu yake, kikafanya kazi kwa mpangilio ambao watu wa Karlsruhe hawakuwa nao, na moto ukazuiwa usienee hadi kwenye kasri. Baada ya hapo miji ya jirani nayo iliunda vikosi vyake, mmoja baada ya mwingine.

Historia hiyo ina ukurasa mwingine ambao hausimuliwi kwenye sherehe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, Wanazi walipochoma masinagogi kote Ujerumani, vikosi vya zimamoto mahali pengi vilisimama na mipira mkononi, vikizimwagia maji nyumba za jirani na kuliacha sinagogi liteketee, kwa sababu ndivyo vilivyoamriwa. Wiki mbili baadaye sheria mpya iliwafanya wazimamoto hao kuwa polisi wasaidizi wa dola. Mtu mweusi anayevaa koti hilo leo hana budi kulijua jambo hili, na kwa haki niseme kwamba nililisikia kwa kamanda wetu mstaafu, tena pasipo kumwuliza.

Hata hiari yenyewe haikuwa kamili siku zote. Katika jimbo hili, hadi miaka ya 1990, mwanamume aliweza kutakiwa ama ahudumu zimamoto ama alipe tozo, ilhali mwanamke hakudaiwa chochote. Mkazi mmoja aliipinga tozo hiyo hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo mwaka 1994 iliamua kuwa huo ni ubaguzi wa kijinsia, na baadaye tozo ikafutwa. Wanawake sasa wamo kikosini, ingawa bado ni wachache.

Sasa ndevu. Baba mdogo, sikuziondoa ili nifanane na Wazungu. Anayeingia kwenye moshi huvaa barakoa inayofunika uso mzima na kubeba mtungi wa hewa mgongoni, na unywele mmoja ukipita kati ya mpira wa barakoa na ngozi, moshi nao hupita. Mtungi unatosha takriban nusu saa, na pungufu ya hapo kwa mtu mwenye hofu, kwa kuwa mwenye hofu huvuta hewa upesi. Hatuingii mmoja mmoja: ni wawili wawili, na nje wanabaki wawili wengine waliokwisha kuvaa, kazi yao ikiwa ni kututoa sisi tukikwama. Ndani huoni mkono wako mwenyewe. Unatambaa ukigusa ukuta kwa mkono mmoja, unahesabu milango, na unamsikia mwenzako kwa mlio wa pumzi yake.

Lakini moto wenyewe ni nadra kuliko mnavyodhani. Mara nyingi tunaitwa kukata mti ulioanguka barabarani, kufungua mlango wa mzee aliyeanguka bafuni, au kukimbilia nyumba ya kutunzia wazee ambako kengele imelia kwa sababu ya mkate ulioungua. Kilicho kigumu kwangu ni ajali za magari, tunapolazimika kukata bati kwa mkasi wa haidroliki huku mtu aliyebanwa ndani akituuliza kama mtoto wake ni mzima. Kuna usiku ambao nikirudi silali, na kikosi kina mtu wa kuzungumza nasi baada ya matukio ya namna hiyo.

Je, wananipenda? Baadhi yao. Yupo ambaye miezi ya mwanzo hakunipa salamu, na yupo anayenishangaa mpaka leo ninapokunywa juisi ya tufaha baada ya mazoezi wakati wenzangu wanakunywa bia. Hata hivyo, miaka niliyofanya kazi kiwandani kabla ya kujiunga, hakuna jirani aliyewahi kubisha hodi kwangu. Sasa wanabisha, wengine kwa kuazima ngazi.

Kuhusu binamu: kikosi hakitoi viza, na atakayemwambia kwamba kinatoa anataka fedha zake. Njia yake ni kujifunza Kijerumani kwanza, kisha kutafuta nafasi ya mafunzo ya ufundi kwa mwajiri wa huku, na hilo pekee litamchukua muda. Akishafika na kukaa, milango ya zimamoto iko wazi hata kwa asiye raia, ila mafunzo ya msingi ya saa zisizopungua 70 yanatolewa kwa Kijerumani, na amri kwenye redio ya upepo hutolewa mara moja, kwa lafudhi ya kijijini, king'ora kikilia.