Kidonda cha kisukari kimegoma kufunga, tubadilishe dawa gani?

Swali: Dokta shikamoo. Baba ana kisukari cha muda mrefu, ana kidonda unyayoni chini ya dole gumba, karibu miezi miwili sasa. Wala hakimuumi, anatembea kama kawaida. Tunasafisha kwa spiriti na kumwagia unga wa kapsuli za antibiotiki lakini hakifungi, tunaogopa asije akakatwa mguu.

Jibu: Marahaba, na mpe mzee pole. Hapo uliposema hakimuumi na anatembea kama kawaida ndo kwenye tatizo lenyewe. Kisukari kimeshaua mishipa ya fahamu, mtu mwingine angechechemea kidonda kikapumzika, yeye anakikanyaga kutwa nzima, nyama changa ikiota tu inapondwa tena, hakuna dawa ya kupaka itakayoshinda hilo jamani. Cha kwanza ni kuondoa uzito pale. Inayofanya kazi vizuri zaidi ni plasta ngumu au buti maalumu mpaka karibu na goti, tena lile asiloweza kulivua, maana wakifika nyumbani wanavua, na kwenda chooni nako ni kutembea. Ila lazima apimwe kwanza, kama damu haifiki vizuri au kuna infeksheni kali haifungwi hivihivi.

Halafu angalia kingo za kidonda, ukiona ngozi nene ngumu ya njano hiyo ni sugu, inakandamiza nyama kama kokoto ndani ya kiatu. Inakatwa na mtaalamu pamoja na nyama iliyokufa, na inarudiwa mara kwa mara. Nyumbani msiguse na wembe! Spiriti acheni, inaunguza nyama changa. Unga wa kapsuli acheni pia, antibiotiki ni ya kumeza au kuchomwa pale penye infeksheni tu. Safisheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, funikeni na gozi safi, sukari nayo ishuke.

Mwambieni daktari apime mishipa ya damu, na hili nalisisitiza sana. Presha ya kifundo cha mguu hugawanywa kwa ya mkono, chini ya 0.9 damu ni pungufu, lakini kwa mwenye kisukari mishipa ikikakamaa namba inatoka nzuri kumbe sio, hapo ipimwe presha ya kidole cha mguu. Mshipa ulioziba mara nyingi unazibuliwa kwa puto dogo linaloingizwa ndani ya mshipa au kwa upasuaji, kwahiyo kama sio dharura msikubali kukata kabla hilo halijaangaliwa. Na mfupa ukionekana au ukiguswa ndani ya kidonda huenda umeshaingiliwa na infeksheni, eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu.

Mkiona usaha, harufu, weusi, wekundu unaosambaa, homa au sukari imepanda ghafla, ni hospitali leo hiihii hata kama haumwi.

Kila wiki pigeni picha na rula pembeni. Baada ya wiki 4 za matibabu sahihi eneo la kidonda liwe limepungua nusu hivi, lisipopungua rudini, mpango wote uangaliwe upya.