Maswali na Majibu: Anachelewa Kila Siku, Nimfukuze Kesho?

Barua za safari hii zimetoka kwa wanaosimamia watu na kwa wanaosimamiwa. Nimezichanganya makusudi, maana nyingine ukizisoma kwa kufuatana ungedhani waandishi wake wanakaa ofisi moja na hawaongei. Ndefu nimezifupisha, na yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa.

Naongoza ofisi ya watu kumi na wawili. Kwenye usaili dakika tano zinanitosha kumjua mtu. Lakini kati ya watatu niliowaajiri mwisho, wawili wameniangusha. Nakosea wapi?

Kwenye hizo dakika tano. Unachokijua kwa muda huo ni kwamba mtu amekupendeza. Kama anaiweza kazi, bado hujui. Anayeongea kwa kujiamini, anayecheka pale unapocheka wewe, huyo moyoni umeshampitisha, na nusu saa inayobaki unamwuliza maswali mepesi ili ujithibitishie. Uliyemkataa moyoni ndiye anayepewa magumu.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili uliopangwa, yaani maswali yale yale kwa kila mwombaji na alama zenye vigezo vilivyowekwa mapema, ulibashiri utendaji kazini vizuri kuliko maongezi huru. Kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye nako kulionyesha matokeo mazuri sana. Baadaye wataalamu wengine wamezipitia hesabu hizo upya na namba nyingi zimeshuka, ila usaili uliopangwa umebaki juu.

Kwa hiyo anza kabla hujatangaza nafasi. Andika maelezo ya kazi yanayoonyesha mtu atakuwa anafanya nini. "Awe mchapakazi na mwadilifu" hakukusaidii. Nani atakuja kukwambia yeye ni mvivu? Andika: "Kila Ijumaa jioni analinganisha daftari la mapokezi na mali iliyopo stoo." Hapo swali linajitokeza lenyewe: "Niambie mara ya mwisho hesabu zako zilipokataa kulingana. Ulianza kutafuta wapi?" Mtu aliyewahi kukesha na daftari atakujibu kwa mambo madogo madogo: karatasi iliyobandikana na nyingine, sifuri iliyoongezeka. Asiyewahi atakupa hotuba. Kisha mwekee mezani ukurasa wenye makosa matatu, mwache nao dakika ishirini.

Kila msaili aandike alama zake kabla hajafungua mdomo. Hili watu hulidharau. Niliwahi kukaa kwenye jopo la watu watatu, mwombaji hajafika mwisho wa korido, mwenyekiti anasema, "Huyu hapana." Sisi wawili tunashika vifutio. Kuna mtu tulimpoteza mwaka ule, na ninamjua ni nani.

Kijana wangu mmoja anachelewa kila siku. Nimemvumilia miezi minane, sasa basi. Nataka nimfukuze kesho. Nina haki?

Ya kukasirika unayo. Ya kumfukuza kesho, sidhani. Miezi minane umenyamaza, na kwake yeye kimya hicho ni ruhusa.

Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka kuwe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi: uwezo wake, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji. Unataka pia anayetuhumiwa kwa mwenendo au utendaji apewe nafasi ya kujitetea kwanza, labda pawe na hali ambayo kwa haki mwajiri hawezi kutarajiwa kuitoa. Si nchi zote zilizouridhia, lakini mawazo hayo mawili yamo katika sheria za kazi za nchi nyingi, hivyo soma za kwako kabla hujagusa kalamu.

Kesho usimfukuze, mwite. Pembeni, mlango umefungwa, daftari la mahudhurio mbele yenu. "Kazi inaanza saa mbili. Jumatatu umeingia saa mbili na dakika arobaini. Jumanne saa mbili na nusu. Jana saa tatu kasorobo. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Wasimamizi wengi huuliza halafu wakajijibu wenyewe: "Najua ni usingizi tu." Nyamaza mpaka aseme.

Niliwahi kuletewa faili la mama mmoja aliyeitwa "mchelewaji sugu". Nilipolifungua daftari nikaona anachelewa Jumanne na Alhamisi peke yake. Hakuna aliyekuwa ameligundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelifungua. Siku hizo alikuwa akimpeleka mzazi wake hospitali kusafishwa figo. Tulimsogezea muda wa kuingia na kutoka kwa saa moja, faili likafungwa. Lakini nisikudanganye, wapo pia wanaolia leo na kesho wanaingia saa tatu.

Kwa hao, sasa andika. Barua ya onyo iseme tarehe gani, alichelewa kwa muda gani, kanuni ipi ya kazi imevunjwa, anatakiwa kufanya nini, atatazamwa kwa kipindi gani, na akirudia nini kitafuata. Maneno kama "una tabia mbaya" au "humheshimu mtu" yaache. Hayana tarehe, na kisicho na tarehe hakijibiki. Anaposaini anathibitisha kuipokea, hajakubali kosa, na mweleze hivyo ili asiogope kalamu. Akikataa, mtu wa tatu ashuhudie kwamba amekabidhiwa.

Mkifika kwenye kikao cha nidhamu, aletewe tuhuma kwa maandishi siku kadhaa kabla, aruhusiwe kuja na mwenzake, na wewe uliyemshitaki usiwe mwenye kuamua. Mshitaki akiwa ndiye hakimu, kila mtu anaijua hukumu kabla chai haijaletwa.

Na kabla ya yote hayo, jiangalie. Kama mhasibu wako naye anaingia saa tatu na husemi kitu kwa sababu ni rafiki yako, kesi umeshaipoteza.

Shikamoo mshauri. Nimegundua mwenzangu, kazi yetu ni moja na tuliingia mwezi mmoja, ananizidi mshahara. Mimi ni mwanamke, yeye ni mwanamume. Mkataba unasema mshahara ni siri. Nifanyeje?

Marahaba. Kwanza, usiende kwa bosi na jina la mwenzako. Mazungumzo yatageuka kuwa ya nani kamwambia nani, na mshahara wako utasahaulika. Nenda na kazi yako. Andika majukumu uliyonayo leo, weka pembeni yale ya kwenye mkataba, omba kuoneshwa ngazi ya mshahara ya cheo chako na uko wapi ndani yake. Swali lako liwe moja: "Ni vigezo gani vilivyoniweka hapa?"

Kanuni ya malipo sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa imeandikwa kwenye Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani tangu 1951. Zingatia neno "thamani". Vyeo vinaweza kuitwa tofauti na kazi zikawa na uzito ule ule: ujuzi unaotakiwa, wajibu, juhudi, mazingira. Zipo tofauti za haki, kama uzoefu unaohusu kazi hiyo au zamu za usiku. "Yeye aliomba zaidi siku ya kwanza" ni sababu dhaifu, maana hapo unamlipa mtu kwa kujua kubishana bei.

Kuhusu usiri, inategemea sheria ya nchi. Marekani, kwa mfano, sheria ya mahusiano kazini ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapozungumzia mishahara yao.

Waajiri mnaosoma hapa: siri ya mishahara hudumu mpaka siku mtu atakaposahau karatasi kwenye printa. Kabla ya siku hiyo, hakikisheni kila namba kwenye karatasi ile ina maelezo.

Bosi anasema nisichukue likizo ya mwaka huu, atanilipa pesa badala yake. Nahitaji pesa. Nikubali?

Angalia sheria yenu, kwa sababu nyingi haziruhusu kuuza likizo ya msingi. Mkataba Na. 132 wa mwaka 1970 umeweka kima cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka, na makubaliano ya kuiacha likizo hiyo kwa fidia unayahesabu kuwa batili au yaliyopigwa marufuku. Siku zilizozidi kima hicho ni habari nyingine, hapo mnaweza kuelewana.

Nikiwa upande wa mwajiri, mtu asiyetaka likizo miaka mitatu mfululizo hunipa wasiwasi kuliko anayeidai kwa kelele. Mara nyingine anaipenda tu kazi. Mara nyingine kuna daftari hataki mwenzake alifungue.

Tulimpandisha fundi wetu bora kuwa msimamizi. Tumepoteza fundi na msimamizi hatukumpata. Tumrudishe?

Mwulizeni yeye, tena kwa upole, maana pengine anasubiri mtu amwulize. Kosa si lake. Mlikuwa na ngazi moja tu ya kupanda, na nyongeza ya mshahara mliiweka juu ya kiti cha usimamizi. Angekataaje?

Wekeni njia mbili: fundi aweze kupanda daraja na mshahara akibaki na vifaa vyake, na anayependa kuongoza watu apande kwa njia yake. Siku nyingine mtu akaimu kwanza, kwa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, posho ya kukaimu, na haki ya kurudi alikotoka bila aibu. Tarehe ya kuisha isikosekane. Nimeona mtu akikaimu miaka minne, akifanya kazi yote ya mkuu wa idara kwa mshahara wa msaidizi.

Kila mwaka kwenye tathmini natakiwa nimpe lazima mtu mmoja alama ya chini kabisa. Timu yangu ina watu watano na wote wanafanya vizuri. Nimchague nani?

Pole. Mtindo huu wa kuwapanga watu kwa lazima ulipata umaarufu kupitia kampuni ya Marekani ya General Electric chini ya Jack Welch, ambako asilimia 10 ya chini walikuwa wakitakiwa kuondoka. Microsoft walikuwa na wa kwao wakauacha mwaka 2013. Kwa timu ya watu watano hesabu yake haina maana, na watu wakishajua mmoja lazima aanguke, hakuna atakayemfundisha mwenzake kitu.

Mpaka kanuni ibadilike, mwandikie mkubwa wako mapema, kabla ya msimu wa tathmini, ukiweka malengo ya kila mmoja na aliyoyafikia. Na uwe na daftari lako. Mistari miwili kila wiki kwa kila mtu inatosha. Bila hiyo utajikuta unatathmini mwezi wa mwisho na kuuita mwaka.

Nilipeleka malalamiko HR (idara ya rasilimali watu) kwamba bosi wangu ananitumia ujumbe usiofaa usiku. Kesho yake bosi akajua. Hawa HR ni wa nani?

Wanalipwa na mwajiri. Mimi pia nililipwa na mwajiri miaka yote niliyokaa kwenye kiti hicho, na anayekwambia ni mtetezi wako peke yako hakwambii ukweli wote. Lakini kulinda taasisi ni pamoja na kuizuia isiwaumize watu wake, na aliyempelekea bosi wako habari kiholela ameshindwa pande zote mbili.

Siri kamili sikuwahi kumwahidi mtu, kwa kuwa mtuhumiwa lazima siku moja aisikie tuhuma ili ajibu. Nilichoahidi ni kwamba watajua wanaohitaji kujua tu, kwamba mlalamikaji ataambiwa kabla bosi hajaambiwa, na kwamba anayelipiza kisasi atashughulikiwa kwa kosa hilo peke yake. Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019, kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, unagusa pia mawasiliano yanayohusu kazi kwa simu na mtandao, na unataka walalamikaji na mashahidi walindwe dhidi ya kisasi. Kwamba ujumbe uliingia saa tano usiku ukiwa kitandani kwako hakuutoi kwenye mambo ya kazi.

Sasa hivi usifute chochote. Piga picha za ujumbe huo, namba na saa vionekane. Andika barua fupi kwa aliye juu ya bosi wako, au kwa bodi kama juu yake hakuna mtu: tarehe ya kila ujumbe, tarehe uliyolalamika mara ya kwanza na kwa nani, tarehe bosi alipoonyesha kwamba amejua na alisema nini, na unachoomba, kwa mfano kuripoti kwa mtu mwingine wakati uchunguzi ukiendelea. Omba wakugongee muhuri wa kupokea. Kama kuna chama cha wafanyakazi, nenda na mwakilishi. Wasipojibu, ofisi ya kazi ya serikali au mwanasheria ataanzia kwenye barua hiyo hiyo, kwa hiyo nakala moja iwe nyumbani kwako, si kwenye droo ya ofisi.