Wasomaji Wanauliza: Mama mkwe ananiita mwizi

SWALI: Mama mkwe wangu ana miaka 76 na tunaishi naye. Tangu mwaka jana anasahau sana, na kila kikipotea kitu, mwizi ni mimi. Hata majirani ameshawaambia nimemwibia vitenge. Juzi nilimfokea mpaka akalia. Zamani nilimpenda, ila sasa hata sauti yake inanikera. Nifanyeje?
Mkamwana, Tanga

JIBU: Pole sana, mkamwana. Dalili hizo zinafanana na ugonjwa wa usahaulifu, yaani dimensia, ingawa wa kuthibitisha ni daktari. Tuhuma za wizi ni za kawaida kwa wagonjwa hao. Kitenge anakificha mwenyewe, ubongo hautunzi kumbukumbu ya kukificha, na akikikosa anamshuku anayeshinda naye. Ndiyo maana mwanawe wa mbali, anayepiga simu mara moja kwa mwezi, ndiye malaika.

Acha kujitetea. Kuuelewa ushahidi wako kunahitaji kumbukumbu ileile iliyoharibika, hivyo ukibishana anaona unamdanganya na anazidisha sauti. Sema, "Pole mama, hebu tukitafute," kisha mwongoze hadi anapopenda kuficha vitu: chini ya godoro, ndani ya foronya, kwenye ndoo ya unga. Akione mwenyewe. Usiseme "si nilikuambia!" Kama kuna kitenge anachokililia kila mara, nunua cha pili kinachofanana nacho.

Hasira ikipanda, hakikisha ameketi salama, toka nje dakika tano, nawe ukae chini. Ukirudi, anza na jambo jingine kabisa, chai au kuku wa jirani. Na ukimfokea, mwombe radhi kwa maneno machache. Ugomvi wenyewe atausahau, lakini hofu hukaa muda mrefu baada ya chanzo chake kusahaulika, na jioni utamkuta mkali bila kujua kwa nini.

Upendo usiusubiri uje wenyewe. Kwa sasa unamkuta mama kwenye kuoga, kula na kufua tu, na huko ndiko mnakogombana. Kila siku tenga robo saa isiyo na kazi yoyote: mpake mafuta, msuke, imbeni nyimbo za usichana wake. Nyimbo za zamani mara nyingi hubaki hata majina ya wajukuu yakishapotea.

Mpeleke hospitali mapema. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na sonona huweza kuleta usahaulifu, na vinatibika. Akibadilika ghafla ndani ya siku chache, mwahisheni apimwe mkojo na malaria. Msimpe Piriton ili alale. Dawa hiyo huzidisha kuchanganyikiwa kwa wazee.

Majirani aongee nao mumeo, si wewe. Awaeleze wazi kuwa mama ni mgonjwa. Bibi anayetangatanga usiku huitwa mchawi upesi, na kwetu neno hilo limeshaua wazee.

Mwisho, usingizi wako. Asiyelala hufoka, hata awe na moyo wa dhahabu. Mumeo na ndugu zake wakae kikao, wapange kwa maandishi zamu za usiku na siku moja nzima ya wiki ambayo wewe huhusiki na mama. Wa mbali asiyeweza kuja achangie fedha za msaidizi.