Zuia Tope Kabla Halijafika Mlangoni

Sisi tunaoishi Karatu tunaujua udongo wetu mwekundu: wakati wa masika hunata kwenye soli za viatu, na kiangazi kikiingia hugeuka vumbi linalopenya chini ya kila mlango. Baada ya kukarabati kibaraza na sehemu ya kuingilia nyumbani kwetu, ushauri wangu kwa anayepanga kazi kama hiyo ni kwamba aanzie nje na kumalizia ndani, ingawa wengi huanza kwa kununua rafu nzuri ya viatu kwa kuwa ndiyo wageni watakayoiona.

Tazama kwanza maji ya mvua yanaangukia wapi. Ikiwa bati halina gata, matone yanayodondoka mbele ya kibaraza hurusha tope hadi ukutani, na hapo hata ukipiga deki mara ngapi hutashinda. Funga gata, elekeza maji kwenye tangi au mtaroni, ndipo umwite fundi wa sakafu. Mtake aweke mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea nje, na aupime kwa pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa, wewe ukiwepo, kwa sababu wapo mafundi wanaokadiria kwa macho tu, na sakafu iliyoinamia mlangoni haina dawa ila kuvunjwa. Vigae vinavyong'aa viache sebuleni, kwani vikilowa huteleza. Sisi tulichagua sakafu ya saruji iliyopitishwa ufagio mgumu ikingali mbichi ili iwe na mikwaruzo, kisha tukaimwagilia maji kwa siku 7 ili ikomae bila kupasuka. Haina urembo mwingi, lakini mama mkwe huipita bila kushika ukuta.

Kilichopunguza tope kuliko vyote ni wavu wa nondo. Chini ya ngazi ya mwisho tulichimba shimo fupi, tukalijengea kingo za saruji, na fundi wa kuchomelea akatengeneza wavu unaolifunika, wenye nafasi finyu kiasi kwamba mguu wa mtoto hauzami. Mtu husugua viatu hapo, tope likaanguka chini, na wavu huinuliwa ili shimo lisafishwe. Hakikisha shimo lina njia ya kutolea maji, la sivyo utakuwa umewajengea mbu makazi. Karibu yake weka bomba la kunawia miguu, na mlangoni tandika zulia la makumbi ya nazi lifute kilichobaki.

Jambo linalosahaulika ni mahali pa kukaa. Mtu mzima hawezi kufungua kamba za viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na mgeni akiambiwa "ingia tu na viatu" hukubali kwa sababu ameona kuvua ni taabu. Benchi lenye kimo cha sentimita 45 hivi, likiwa chini ya paa, humaliza mjadala huo kwa heshima. Likiwa la mbao, chagua zilizotiwa dawa na uinue miguu yake juu ya matofali, maana mchwa hawana subira.

Rafu ije mwisho, nayo iwe ya fito zenye nafasi, si kabati lililofungwa, kwani viatu vyenye unyevu vikikosa hewa hunuka na kuota ukungu. Mabuti ya mvua yanayolala nje yakung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa kuwa nge hupenda kujificha humo. Kwa ajili ya vumbi la kiangazi, pigilia kipande cha mpira chini ya mlango, kiguse sakafu bila kuuzuia kufunguka.

Mpangaji asiyeruhusiwa kuvunja sakafu anaweza kutengeneza wavu wenye miguu mifupi, unaowekwa juu ya ardhi iliyomwagwa kokoto, pamoja na benchi, na siku ya kuhama akaondoka navyo vyote.