Muulize Fundi: Springi ya mbele imekatika, nifike nayo Mombasa?

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna Toyota Noah ya familia: ndiyo ya shule, ndiyo ya shamba, ndiyo ya harusini. Juzi natoka Gongoni, kwenye tuta moja nikasikia "paa!", nikadhani nimekanyaga jiwe. Tangu hapo nikikata usukani taratibu kuegesha, mbele panafyatuka kitu, na gari limelala kushoto. Fundi wa jirani asema springi imekatika, aweza kuichomelea. Mume wangu asema gari lingali latembea, twende nalo Mombasa Ijumaa pamoja na watoto, tukanunue springi huko huko. Nimsikilize yupi?
Mama wa wanne, Mambrui

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize hata mmoja, na mumeo nisalimie.

La kuchomelea nilimalize mapema. Chuma cha springi hutiwa moto, kikazimwa, kikapashwa tena kwa kipimo, ndipo kikaweza kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea huiharibu kazi hiyo yote. Palipoungwa patakuwa pakavu kama biskuti, na tuta la pili litakuonyesha. Fundi anayechomelea geti si lazima awe fundi wa springi.

Sasa safari. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, nawe waanzia ng'ambo ya mto Sabaki. Mumeo anafikiria starehe, kwamba gari litagonga-gonga kidogo, mtavumilia. Mimi nafikiria tairi. Kwenye Noah springi ya mbele imeizunguka shoki, na sahani ambayo springi inaikalia chini iko karibu mno na tairi, nafasi ya vidole tu. Springi nyingi hukatikia mzunguko wa chini kabisa. Ule mlio unaousikia ukikata usukani ni ncha iliyovunjika: inang'ang'ania, kisha inaruka. Siku itakaporuka nje ya sahani, itakutana na ubavu wa tairi, na ubavu ni mwembamba, wala hauzibwi kiraka. Hilo likitokea mwendo wa 80, watoto wakiwa nyuma, hakuna wa kumlaumu.

Si uzushi wa gereji huu. Marekani kulikuwa na gari la familia, Ford Windstar, lililokoma kutengenezwa 2003, likapata sifa mbaya kwa jambo hili hili: springi za mbele zikiliwa na kutu, zikikatika, zikitoboa tairi. Kule chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi hatumwagi, tunaletewa na upepo bure.

Kwa hiyo tuta usilibebeshe dhambi yote. Springi hupakwa rangi ngumu kiwandani. Jiwe likiidonoa, au mchanga ukiisugua pale inapokaa kwenye sahani, chuma hubaki uchi. Sahani ile hukusanya mchanga na unyevu wa chumvi, kutu ikachimba kishimo, kishimo kikazaa ufa. Tuta huja kumalizia tu. Nawe wapita Gongoni penye mashamba ya chumvi! Nawaona watu wakisugua boneti mpaka wajione usoni, huku chini ya matao ya magurudumu hapajaonja maji tangu gari lishuke melini. Oshea hapo maji ya mfereji au ya mvua. Ya kisima yakiwa ya chumvi, yaache ya kuoshea vyombo.

La kufanya ni hili. Gari lisitoke. Egesha mahali sawa, pima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao, kushoto na kulia, umwandikie fundi vipimo. Kata usukani mpaka mwisho, mulika tochi nyuma ya tairi, utaona ncha ya springi ilipo. Mkono usiingize, wala usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mumeo apande matatu akanunue springi mbili, za kushoto na kulia, maana ile nzima imekula chumvi ile ile, na mpya ikiwekwa kando ya iliyochoka gari litaendelea kulala. Achukue namba ya chesisi. Springi za Noah inayovuta kwa magurudumu mawili si za ile ya manne.

Siku ya kufunga, simama utazame. Nati ya juu ya shoki haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa vibano viwili vinavyoelekeana. Ukiona fundi anaifunga kwa waya, mwambie asante, ondoka. Ikiruka ile, huvunja taya. Akimaliza, tairi likaguliwe ubavu wa ndani, kisha mkapime mlalo wa magurudumu.

SWALI: Fundi, gari langu lagusa matuta nikibeba abiria. Nimeuziwa mipira ya kubana katikati ya springi za mbele. Ni sawa?
Kijana wa Shella, Malindi

JIBU: Itoe, kaka. Mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi, mzigo wake waenda kwa iliyobaki, na mpira wenyewe unahifadhi mchanga wa chumvi hapo hapo. Gari likigusa matuta na abiria wa kawaida, springi zako zimechoka. Nunua jozi. Na kama abiria wako si wa kawaida, punguza wawili.