Uliza Tukujibu: Mark Twain na gazeti la machimboni

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi niko Geita, juzi kijiweni tulibishana sana, jamaa mmoja anasema Mark Twain yule mwandishi wa Marekani alianzia kwenye kagazeti ka mji wa wachimbaji, mwingine akabisha akasema wachimbaji na gazeti wapi na wapi. Naomba ukweli, na kama hilo gazeti bado lipo tulione. – Msomaji, Geita

JIBU: Karibu sana wa Geita, swali lako nimelipenda kweli. Huyo jamaa wa kwanza yuko sahihi. Gazeti linaitwa Territorial Enterprise, lilianza tarehe 18 Desemba 1858 pale Genoa, kijiji kilicho chini ya milima ya Sierra Nevada, enzi hizo hata jimbo la Nevada halijazaliwa. 1859 likahamia Carson City, na mwaka huohuo ndo mkanda wa Comstock ukagundulika, madini ya fedha na dhahabu, rashi ikatokea, nyie wa Geita mnaijua rashi, watu wakamiminika Virginia City na 1860 gazeti nalo likabeba mitambo yake likawafuata hukohuko juu mlimani.

Twain, jina lake halisi Samuel Clemens, alikuja kutafuta madini kama wengine akakosa, akawa anatuma barua gazetini kwa jina la Josh, mhariri Joseph Goodman akazipenda akamwita kazini 1862 kwa dola 25 kwa wiki. Hilo jina la Mark Twain kaanza kulitumia humohumo, Februari 1863.

Sasa huyo anayesema wachimbaji hawasomi, mwambie hapana. Mchimbaji wa Comstock alikuwa analipwa dola 4 kwa siku, hela nzuri sana wakati ule, na habari ya mgodi gani umepata madini ilikuwa ni pesa kwa sababu hisa za ile migodi zinauzwa San Francisco, likiandikwa jambo leo bei inacheza. Ndo maana mimi namheshimu zaidi Dan De Quille (William Wright), alikaa pale karibu miaka 30, anashuka shimoni mwenyewe, anarudi juu anaandika alichokiona, wakati mpanga herufi anaokota herufi za madini ya risasi mojamoja, zimegeuka kama kwenye kioo, mpaka ukurasa ujae. Na wapinzani walikuwepo, mji wa jirani tu kulikuwa na Gold Hill News tangu 1863.

Uhuru wa Enterprise lakini ulikuwa na mwisho. 1872 William Sharon, tajiri wa benki na migodi, alitaka useneta, Goodman akamshambulia vikali gazetini na kiti akakikosa. 1874 Sharon akalinunua gazeti lenyewe, mwaka uliofuata akawa seneta. Hapo mimi huwa naumia, maana wasomaji walewale waliendelea kununua gazeti lilelile, ila aliyekuwa anasemwa sasa ndo mwenye gazeti.

Kuhusu kuliona, lilifungwa 1893, likafufuka, likafa tena 1916, miaka ya 1950 Lucius Beebe na mwenzake Charles Clegg wakalirudisha kama gazeti la kila wiki. Shida ni zile nakala za enzi ya Twain, nyingi zimepotea kabisa, na moto mkubwa wa Oktoba 1875 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, ofisi ya gazeti ikiwemo.

Kilichotuokoa ni kwamba wahariri walikuwa wanatumiana magazeti kwa posta bure, sheria ya Marekani iliruhusu tangu 1792, ukilipata la mwenzio unakata habari iliyokuvutia unaichapa kwako. Oktoba 1862 Twain alitunga habari ya maiti iliyogeuka jiwe, ukisoma harakaharaka unaamini, ukisoma taratibu unakuta kidole gumba kiko puani na vidole vingine vimetandazwa, yaani maiti inamzomea msomaji! Magazeti mengine yakaichapa kama habari ya kweli. Nakala ya Enterprise ya siku ile haipo tena, tunaisoma leo kutoka kwa hayohayo yaliyodanganyika.